Kiwanda cha magari kinapohama: mhandisi afanye nini kabla ya kutia saini

Barua ya kupunguzwa kazi ikikufikia, usiisaini siku hiyo hiyo. Mhandisi mwenzangu hapa Arusha, aliyekuwa akichora fremu za paa la kufunguka kwa ajili ya Land Cruiser za watalii, alitia saini karatasi ya "makubaliano" saa kumi jioni kwa hofu ya kukosa mshahara wa mwezi ule, na miaka yake sita ikapotea bila kiinua mgongo. Bado inaniuma.

Mwajiri haruhusiwi kuamua peke yake. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka atoe taarifa ya kusudio lake na kushauriana nanyi kuhusu sababu, njia za kuepusha upunguzaji, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na malipo yao. Hata Volkswagen, ilipotangaza Desemba 2024 kwamba itapunguza nafasi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani ifikapo 2030, ilifikia hapo baada ya mazungumzo marefu na chama cha wafanyakazi cha IG Metall. Kwa hiyo ingieni kikaoni na maswali yaliyoandikwa, na mdai muhtasari.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Anayelipwa msingi wa shilingi 1,560,000 kwa siku 26 za kazi hupata 60,000 kwa siku. Miaka sita humpa 2,520,000.

Penye mtego zaidi ni uhamisho. Ukiambiwa kazi inahamia Dar es Salaam, ukakataa pasipo sababu ya msingi, unaweza kupoteza kiinua mgongo. Kwa hiyo sababu zako, kama vile mzazi anayetibiwa hospitali ya KCMC, Moshi, ziandike na uambatanishe vielelezo. Ukikubali, hama kwa mkataba ule ule. Mkataba mpya unaweza kuanza kuhesabu utumishi wako upya, na ukataja Dar es Salaam kuwa ndiko ulikoajiriwa, ilhali nauli na gharama za mizigo ya kukurudisha nyumbani ajira ikikoma hufuata mahali ulipoajiriwa.

Mkishindwana baada ya kuachishwa, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, ukiwa na mkataba, hati za mshahara na ile barua, ambayo nakala yake ibaki nyumbani.