Pedali ya nne kwenye gitaa la stili
Mwenye gitaa la stili la pedali (gitaa la kulazwa, ambalo pedali za miguu hubadilisha noti za nyuzi) la nyuzi 10, lililotyuniwa kwa mpangilio wa noti uitwao E9, akitaka kuongeza pedali ya nne, namshauri achague ile inayoshusha uzi wa 5 na wa 10 kutoka noti ya B hadi A, na wa 6 kutoka G# hadi F#, nyuzi ambazo pedali za kawaida, ziitwazo A na B, huzipandisha tu. Chini ya gitaa, kadiri tundu la kushikia ufito (kifimbo kinachopeleka mvuto wa pedali hadi kwenye uzi) lilivyo mbali na mhimili unaozungushwa na pedali, ndivyo noti ya uzi inavyobadilika zaidi na pedali inavyokuwa nzito mguuni. Kwa hiyo jaribu matundu kwa subira mpaka nyuzi zote tatu zifike kwenye noti zake kwa pamoja. Nati ya nailoni iliyo mwisho wa ufito iachie ulegevu kidogo, ufito usije ukabadilisha noti ya uzi kabla hujakanyaga.