Kuandika tukio kwa macho ya mhusika mmoja

Tuchukue tukio dogo: jahazi la boriti za mikoko limetia nanga mbele ya mji wa Lamu, maji yameanza kupwa.

Hatua ya 1: Amua nani anaona. Nahodha ataona maji yanavyomkimbia. Salim, mchukuzi mwenye punda, ataona mizigo na ujira. Mke wa baharia, dirishani ghorofani, ataona vichwa tu, akitafuta kimoja. Chagua mmoja. Hapa tumchukue Salim.

Hatua ya 2: Futa asichoweza kukijua. Wengi huandika: “Salim alitabasamu. Nahodha alijua moyoni kwamba anadanganywa.” Salim ameingiaje moyoni mwa nahodha? Mpe kitu cha kuona: “Nahodha aliifungua kamba aliyokwisha kuifunga, akaifunga upya. Hakumjibu.” Msomaji atajua, na Salim ataingiwa na wasiwasi. Hata usimulizi wa nafsi ya tatu unafungwa na sharti hili, isipokuwa umeamua tangu mwanzo kuwa msimulizi wako ni mjuzi wa yote.

Hatua ya 3: Chunga viambishi. “Alimtazama, akamwambia aondoke.” Nani kamwambia nani? Wahusika wakiwa wawili, “a-” na “-m-” huwavuruga upesi, wawe mume na mke au wanaume watupu. Rudisha jina au cheo: nahodha, kijana, mwenye punda.

Hatua ya 4: Mpe anachotaka na anachoficha. Hapa ndipo penye kazi. Salim anataka kupakia kabla ya wenzake. Anachoficha ni kwamba yule punda si wake tena. Amemuuza kulipa deni. Usilitangaze hilo. Mwandike akimpapasa punda shingoni wenzake wakichapa wao, na akijifanya kukaza kamba pindi mnunuzi anapopita. Kisha msikilize anavyosema: “Ami, nianze mimi yeo.” Mtu wa Lamu hasemi kama mtangazaji wa redio, ila “yeo” (leo) moja na “ndoo” (njoo) moja zinatosha, ukijaza Kiamu, lahaja ya Lamu, kila mstari, msomaji wa Dodoma atakuacha njiani.

Muuza kahawa anayepita abaki mhusika bapa, yaani asiye na undani. Walimu wa fasihi hulitaja neno hilo kama tusi, lakini kila mpita njia akiwa na siri yake, boriti hazitashuka.

Hatua ya 5: Kuhama. Ukitaka kwenda kwa nahodha, malizia tukio la Salim, acha mstari mtupu, na jina la nahodha lije katika sentensi ya kwanza inayofuata.