Somo: Kutua Dar es Salaam na mtoto mchanga ukiwa njiani kuja Mbeya

Kila Desemba inapokaribia, swali la namna ya kufika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na mtoto mchanga hurudi tena, na kwa kuwa majibu yake hayabadiliki nimeona niyaweke yote mahali pamoja. Somo hili ni la mzazi anayetoka nje ya nchi peke yake na mtoto wa chini ya mwaka mmoja, anayetua Jengo la Tatu na kuendelea hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, kwa ndege au nyumbani kwa barabara. Naomba someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

1. Pasipoti. Mtoto awe na yake, hata akiwa wa wiki chache, ikae pamoja na yako, cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako asiyesafiri nanyi.

2. Nepi. Mbadilishe kabla ndege haijaanza kushuka, maana taa ya mikanda ikishawaka msalani hakuendeki.

3. Kumnyonyesha wakati wa kushuka. Hatua hii ndiyo inayoharibu safari za watu wengi. Mzazi aliyechoshwa na kilio humpa mtoto ziwa au chupa saa nzima kabla ya kutua, na ndege inapoanza kushuka mtoto ameshiba, hataki tena. Ndege ikiwa angani, shinikizo la hewa ndani yake huwa kama la mlimani, kwenye kimo cha hadi mita 2,400 hivi, ilhali Dar es Salaam iko pwani; kwa hiyo katika muda mfupi hewa ya nje huisukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Ni kuziba kule kule unakokuhisi basi linapoteremka Kitonga, ila mtoto hajui kumeza mate kwa makusudi, na kumeza ndiko kunakofungua njia inayounganisha sikio na koo. Basi mcheleweshe kidogo: masikio yako yakianza kuziba, ndipo umpe, ukiwa umemwinua kichwa, anyonye polepole hadi magurudumu yaguse ardhi. Mtoto aliyelala humeza mara chache, kwa hiyo ni afadhali kumwamsha. Onyo la kwanza: mtoto mwenye mafua makali au anayeumwa sikio aonwe na daktari kabla ya safari, kwa sababu njia hiyo ikiwa imevimba kunyonya peke yake hakutatosha. Onyo la pili: usikoroge maziwa ya unga mapema, kwa kuwa hayafai kukaa zaidi ya saa mbili nje ya jokofu.

4. Kigari na mbeleko. Unapokabidhi kigari mlangoni mwa ndege huko unakoanzia, uliza kama utarudishiwa mlangoni au kwenye mkanda wa mizigo, na uisome lebo waliyofunga. Vyovyote watakavyojibu, shuka na mtoto akiwa kwenye mbeleko, ili mikono yako ibaki kwa ajili ya pasipoti.

5. Uhamiaji. Ndege mbili zikitua pamoja, ukumbi hujaa. Mwendee mtumishi anayepanga foleni, umsalimu, umweleze kwamba una mtoto mchanga na uombe kupitishwa. Usisubiri akuone mwenyewe.

6. Mizigo na forodha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nepi chafu na nguo zilizolowa zisiwe kwenye mifuko ya dukani.

7. Kuunganisha. Ndege za ndani huondokea Jengo la Pili, na huo si mwendo wa kutembea na mtoto na masanduku, chukua teksi. Acha nafasi ya saa nne kati ya ndege na ndege.

Maswali ya wanachama (kila mmoja nimemtaja kwa mahali anakotoka)

Mafinga: Mwalimu, kigari nitakikuta wapi?
Jibu: Hatua ya nne.

Tunduma: Hatua ni nyingi mno. Kwa nini nisimpe dawa ya mafua inayosinzisha, alale hadi tufike?
Jibu: Hapana. Dawa hizo hazitolewi kwa mtoto mchanga bila daktari, zinaweza kudhoofisha upumuaji wake, na watoto wengine huchangamka badala ya kusinzia. Hatua zikionekana nyingi, ahirisha safari, lakini mtoto usimlevye.

Tukuyu: Ndaga sana kwa somo. Mwanangu alitulia kabisa tulipopaa, akalia tulipotua. Tofauti inatoka wapi?
Jibu: Ahsante, mama, umeuliza jambo la msingi. Ndege ikipaa, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hutanuka na kujitafutia njia ya kutokea kooni bila msaada. Ikishuka, hewa inatakiwa kuingia, na njia ile laini huelekea kujifunga kadiri shinikizo linavyozidi. Lazima misuli ya koo iivute ifunguke. Kwa watoto njia yenyewe ni nyembamba na imelala zaidi kuliko yetu. Ndiyo maana ukiwa na maziwa ya mara moja tu, yaweke kwa ajili ya kushuka.

Iringa: Wangu alizaliwa Uingereza na anasafiria pasipoti ya huko. Ataingia kwa viza yangu?
Jibu: Mtoto haingii kwa hati ya mzazi. Mwombee viza yake mtandaoni kabla ya safari. Ya kawaida ni dola 50.

Uyole: Naongezea kuhusu nguo. Ndugu hutuambia Mbeya ni baridi, tunamshusha mtoto Dar akiwa na sweta na kofia ya sufu, anatoka jasho kwenye foleni hadi anakataa kunyonya.
Jibu: Nyongeza nzuri sana. Mvalishe pamba nyepesi, sweta libaki juu kabisa ya begi la mkononi hadi Songwe.

Makambako: Na anayependa treni?
Jibu: Stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, ile ile ya uwanjani, na treni inapita kwenu Makambako kabla ya kufika Mbeya. Hakikisha siku ya kuondoka kabla hujakata tiketi ya ndege, na kama itakubidi ulale Dar, beba chandarua kidogo cha mtoto kwenye begi la mkononi, kwa sababu mbu wa Dar wanaambukiza malaria na mtoto mchanga hana kinga ya kutosha.