Namna ya kufuatilia kesi ya mwandishi wa habari aliyeshtakiwa na dola

Serikali inayotaka kumnyamazisha mwandishi wa habari haina haja ya kushinda kesi. Inatosha kesi iwepo, mshtakiwa awe mahabusu, na shauri liahirishwe tena na tena. Kwa hiyo anayesubiri hukumu ndipo aandike amechelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya adhabu huwa imekwisha kutumikiwa. Mwongozo huu ni wa mhariri, mwandishi mwenzake, ndugu au raia yeyote anayetaka kuifuatilia kesi kama hiyo tangu siku ya kukamatwa na kuiwekea kumbukumbu inayoaminika. Nimeuegemeza zaidi kwenye kesi ya mwandishi wa Tanzania Erick Kabendera, ambayo ndani yake karibu kila hatua ya kuangaliwa imo.

Anza na saa za mwanzo. Andika siku na mahali alipokamatwa, waliomkamata walijitambulisha vipi, walichukua vifaa gani na walimpeleka kituo gani. Kisha andika sababu iliyotolewa, na usiifute hata ikibadilika kesho yake, kwa maana mabadiliko hayo yenyewe ni habari. Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam tarehe 29 Julai 2019. Awali maofisa walieleza kwamba uraia wake ulikuwa ukichunguzwa, lakini alipofikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu tarehe 5 Agosti, suala la uraia halikuwemo kabisa katika mashtaka. Hesabu pia muda uliopita kabla ya kufikishwa mahakamani, kisha uulinganishe na sheria ya nchi husika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimeangukia nje ya saa za mahakama.

Hatua ya pili ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi: pata nakala ya hati ya mashtaka na uisome yote. Usiridhike na muhtasari uliosikia kwa watu kwenye korido za mahakama. Tazama kwanza sheria na kifungu kilichotajwa, halafu kipindi ambacho kosa linadaiwa kutendeka, kisha maelezo ya kosa. Jiulize kama maelezo hayo yanataja makala, kipindi cha redio au andiko lolote. Kabendera alishtakiwa kwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi ya takribani shilingi milioni 173 na kutakatisha fedha, makosa yaliyodaiwa kutendeka kati ya Januari 2015 na Julai 2019. Uandishi wake, uliokuwa ukichapishwa na magazeti makubwa ya nje na ambao watetezi wake waliuona kuwa ndiyo chanzo cha yote, haukuwa kosa lililoshtakiwa. Mashtaka ya namna hii humpa msemaji wa serikali nafasi ya kusema kwamba hakuna mwandishi aliyefungwa kwa kazi yake. Usimjibu kwa hasira. Weka tarehe za makala zake kando ya tarehe za wito, upekuzi na kukamatwa, kisha mwachie msomaji apime mwenyewe.

Ukiwa na hati mkononi, uliza swali la dhamana kabla ya jingine lolote. Chini ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, kama kilivyokuwa wakati huo, utakatishaji fedha uliorodheshwa pamoja na mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha kuwa kosa lisilo na dhamana. Shtaka moja la aina hiyo likiongezwa kwenye hati, mshtakiwa atakaa rumande hata kama mengine yote yana dhamana. Mahakama Kuu iliwahi kukibatilisha kifungu hicho mwaka 2020, lakini Mahakama ya Rufani ikakirejesha Agosti mwaka huohuo katika shauri la Dickson Sanga. Basi soma mashtaka kwa jicho hili: lipi kati yake ndilo linalomzuia mtu huyu kurudi nyumbani, na upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka wa serikali, umeonyesha ushahidi gani juu yake?

Hakikisha vilevile kwamba kifungu kilichotumika bado kiko hai. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mwezi Februari 2017. Hata hivyo, polisi wa kituoni hawafuatilii hukumu zote, na mwananchi akikamatwa kwa kosa lililokwisha kufutwa, wakili wake atashukuru kupata taarifa hiyo mapema.

Sasa hudhuria mahakamani, na usichague siku zenye wanasiasa tu. Kesi ikiwa imepangwa kwa ajili ya kutajwa tu, bila ushahidi kusikilizwa, utasikia wakili wa serikali akisema upelelezi haujakamilika na kuomba tarehe nyingine, na katika mashauri ya uhujumu uchumi utasikia pia kwamba mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kulisikiliza shauri. Maneno hayo yanachosha, na wengi huacha kuja baada ya kuyasikia mara kadhaa. Yaandike kila mara: tarehe, jina la hakimu, sababu ya kuahirisha, tarehe inayofuata. Andika pia hali ya mshtakiwa kama ulivyoiona kwa macho yako. Mwishoni mwa Agosti 2019 waliofika Kisutu walimwona Kabendera akitembea kwa shida, na mawakili wake wakaomba apatiwe vipimo na matibabu. Tarehe 31 Desemba mama yake alifariki dunia, na ombi la kwenda kumuaga likakataliwa. Mambo kama hayo hayamo katika hati yoyote ya mashtaka, na nisingependa yapotee kwa sababu tu hapakuwa na mtu kwenye benchi la nyuma.

Kesi ikimalizika kwa kukiri kosa, kuwa mwangalifu mno na kichwa cha habari. Utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa uliingizwa katika sheria za Tanzania mwaka 2019, na tarehe 24 Februari 2020 Kabendera aliachiwa baada ya kukiri kukwepa kodi na kutakatisha fedha, huku shtaka la genge la uhalifu likiondolewa. Faini na fidia kwa pamoja zilizidi shilingi milioni 270. Ukiandika "akiri" bila kueleza kwamba alikuwa amekaa rumande karibu miezi saba bila dhamana na bila ushahidi kusikilizwa, umeandika nusu ya habari.

Isikilize hukumu yenyewe neno kwa neno. Nchini Burundi, waandishi wanne wa chombo cha habari cha Iwacu walikamatwa Oktoba 2019 walipokwenda Bubanza kuripoti mapigano, wakashtakiwa kwa kushiriki katika kuhujumu usalama wa taifa. Siku ya hukumu, 30 Januari 2020, mahakama iliwatia hatiani kwa kosa jingine, la jaribio lisilowezekana la kuhujumu usalama huo, yaani jaribio ambalo lisingeweza kutimia, ambalo utetezi haukupewa nafasi ya kulijibu. Walihukumiwa miaka miwili na nusu, wakatoka kwa msamaha wa rais Desemba 2020. Asiyelinganisha hati na hukumu asingeligundua badiliko hilo.

Wakati yote haya yakiendelea, hesabu siku kwa ajili ya Arusha, yaliko makao ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mahakama hiyo hailazimishi mtu amalize kwanza mahakama za nchini mwake, lakini shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kutendeka au kujulikana, na muda huo hauongezwi. Baraza la Habari Tanzania na wenzake walilifahamu hilo: Sheria ya Huduma za Habari ilisainiwa Novemba 2016, wao wakafungua shauri Januari 2017, na tarehe 28 Machi 2019 mahakama ikaamua kwamba vifungu vyake kadhaa vilikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Njia ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mwaka 2014 katika shauri la Konaté dhidi ya Burkina Faso ilikataa kifungo kwa kosa la kashfa, ni nyembamba zaidi kwa Watanzania tangu serikali yao ilipoondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu raia kwenda huko moja kwa moja.

Kabla ya kuchapisha chochote, zungumza na wakili na familia. Usitaje vyanzo vya mshtakiwa, wala usiweke hadharani mazungumzo ya simu yake hata ukiona yanamsafisha, maana upande wa mashtaka nao unasoma. Akishaachiwa, usilifunge jalada bado. Uliza kama vifaa na hati yake ya kusafiria vimerudishwa, fidia inalipwa kwa awamu zipi na tarehe zipi, na uombe masjala ya mahakama nakala ya hukumu iliyothibitishwa.