Siku Moja ya Msafara wa Baiskeli Kando ya Danube, Kutoka Melk Hadi Krems

Bonde la Wachau nchini Austria, ambako mto Danube hupita kati ya vilima vilivyokatwa matuta ya mizabibu, linalifaa sana kundi linaloendesha baiskeli pamoja kwa mara ya kwanza. Kutoka Melk hadi Krems ni takriban kilomita 40, na sehemu kubwa ya njia ni tambarare yenye lami. Mwendeshaji aliye peke yake huweza kuimaliza kwa saa tatu, lakini kundi la watu kumi litenge siku nzima.

Jioni ya kuamkia safari, kagueni baiskeli zote mahali pamoja: breki, mnyororo, taa, kengele na upepo wa tairi. Kinachosahaulika mara nyingi ni valvu, kwani baadhi ya tyubu zina valvu nyembamba na nyingine zina nene kama ya gari, hivyo hakikisheni pampu mliyonayo inaziingia zote. Chukueni tyubu ya akiba kwa kila ukubwa wa tairi uliomo kundini. Mtoto aliye chini ya miaka 12 ni lazima avae kofia ngumu kwa sheria ya Austria. Watu wazima nao ningewasihi waivae.

Kiongozi anayeijua njia atangulie, na mtu mtulivu mwenye vifaa vya matengenezo afunge msafara. Asiwepo wa kumpita wa kwanza wala wa kubaki nyuma ya wa mwisho. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote mimi humweka nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi. Akiachwa nyuma, kila mara atawakuta wenzake wamekwisha kupumzika na wako tayari kuondoka, ilhali yeye ndiye aliyekuwa na haja ya pumziko kuliko wengine.

Anzeni asubuhi chini ya monasteri ya Wabenedikto ya Melk, iliyojengwa upya kati ya 1702 na 1736 juu ya mwamba, kisha vukeni daraja kwenda Emmersdorf na mfuate ukingo wa kaskazini kuelekea mto unakoteremkia. Simameni kidogo Willendorf, kijiji ambako mwaka 1908 kilichimbuliwa kinyago cha mwanamke chenye urefu wa sentimita 11 hivi, ambacho sasa kimehifadhiwa Vienna.

Mkifika Spitz, pandeni pantoni ya kwenda Arnsdorf. Chombo hiki hakisukumwi na injini: kimefungwa kwenye kebo iliyovutwa juu ya mto, nahodha hukiweka mshazari, na mkondo wenyewe hukisukuma hadi ng'ambo. Shikeni breki, kila mtu asimame kando ya baiskeli yake, mtasikia maji tu yakipiga ubavuni. Kwa kuwa mto ukifurika pantoni husimamishwa, ulizeni kabla ya kuondoka Melk. Ukingo wa kusini una utulivu zaidi na bustani za aprikoti, ambazo huvunwa Julai. Kutoka St. Lorenz, pantoni nyingine itawarudisha kaskazini, Weißenkirchen.

Mtu akipata pancha, apaze sauti, na kundi zima litoke kabisa njiani, maana wengine huja nyuma kwa kasi. Kabla ya kutia tyubu mpya, pitisheni vidole polepole ndani ya tairi mpaka mwiba au kigae kipatikane, la sivyo tyubu hiyo nayo itatoboka mara moja.

Dürnstein mshuke na kuzikokota baiskeli, kwani njia zake ni nyembamba na watembeao kwa miguu ni wengi. Juu yake yapo magofu ya ngome alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza, aliyekamatwa mwishoni mwa 1192 akirejea kutoka vita vya msalaba. Wenye kunywa divai wangojee Krems. Sheria ya ulevi humhusu pia mwendesha baiskeli.

Krems ipo treni ya kwenda Vienna. Nafasi za baiskeli ndani yake ni chache na tiketi ya baiskeli hulipiwa mbali na ya abiria, kwa hiyo pangeni mapema nani ataondoka kwanza na nani atasubiri treni inayofuata, na katika kila sehemu ya kundi awepo mtu mwenye pampu.