SOMO: Jinsi ya kuanzisha kampuni ndogo ya kuchapisha hadithi za kisayansi, za maajabu na mashairi

Habari zenu wadau. Wengi mmeniuliza hii kazi inaanzaje, basi leo naandika hatua kwa hatua vile ninavofanya mwenyewe hapa Dar, niko na watu wawili na kompyuta moja.

Kwanza tuelewane, mchapishaji na mchapaji ni watu wawili tofauti. Mchapaji ana mashine, unampa faili na hela anakupa vitabu. Mchapishaji ndo anachagua mswada, anahariri, anamlipa mwandishi, anatafuta wasomaji. Nimeona watu wanaenda kiwandani na mswada mbichi kabisa wakidhani huko kuna mtu atausoma, hakuna, wataupiga chapa na makosa yake yote.

HATUA YA 1: Sajili jina la biashara BRELA, yani wakala wa serikali wa kusajili biashara. Ni mtandaoni, fanya mapema maana mikataba yote itabeba jina hilo.

HATUA YA 2: Chagua kidogo. Mwaka wa kwanza chapisha kitabu kimoja au viwili tu. Mimi nilianza na diwani moja (kitabu cha mashairi) na mkusanyiko wa hadithi sita, na bado muda haukutosha.

HATUA YA 3: Kuhariri. Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na hizi hadithi zetu zina mambo yake. Fungua daftari la istilahi kwa kila kitabu. Mwandishi akisema "chombo cha anga" ukurasa wa 3 asije akasema "meli ya nyota" ukurasa wa 40 kama ni kitu kilekile, akisema akili mnemba (AI) basi iwe hivo mpaka mwisho, au kama anatumia akili unde sawa, muachie, ila asichanganye.

Alafu kuna ngeli, na hii naipenda sana. Jini ni "huyu", hapo hatubishani. Je roboti inayofikiri na kulia? Ni "hii" au "huyu"? Mhariri wa kawaida atasahihisha yote yawe sawa, lakini nilipata mswada ambao roboti ilikuwa "hii" mpaka siku ilipomzika bibi mwenye nyumba, kuanzia hapo mwandishi akaandika "huyu" na hakueleza chochote. Nilisoma mara mbili ndo nikaelewa kwamba amefanya makusudi. Lugha yetu inatupa kitu hicho bure kabisa, kwahiyo kabla hujasahihisha muulize mwandishi kwanza.

HATUA YA 4: Mpangilio wa mashairi. Somo hili naliandika hasa kwa ajili ya hapa. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani (silabi) 16, nane ukwapi, yani nusu ya kwanza, na nane utao, yani nusu ya pili, mfano huu nimetunga sasa hivi:

Nimeona chombo juu, chaelea pasi tanga

Mshororo kama huo ukikatika katikati ya karatasi, kina cha kati (silabi ya mwisho ya ukwapi) kinapotea machoni na msomaji anadhani ni mishororo miwili. Kwahiyo tumia A5 (upana wake milimita 148), herufi saizi ya 11, mshororo utakaa vizuri. A6 (nusu ya A5) usiiguse kwa tarbia, yani shairi la mishororo minne kila ubeti, labda kwa utenzi maana kipande kina mizani 8 tu. Na wazee wetu walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu mara nyingi waliweka vipande vyote vinne vya ubeti kwenye mstari mmoja, yani suala la nafasi kwenye karatasi waliliwaza kabla yetu.

Kitabu cha kusomwa kwenye simu ni mtihani mwingine, maana msomaji anakuza herufi na kila kitu kinahama. Huko mimi nakata mwenyewe baada ya ukwapi, utao nausogeza ndani kidogo mstari wa chini, angalau ukikatika unakatika mahali pake.

HATUA YA 5: Faili peleka PDF, na fonti (aina za herufi) ziwe zimefungwa ndani yake. Mimi nilipeleka Word kwa mchapaji mmoja, kwenye kompyuta yake ile fonti haikuwepo ikabadilika yenyewe, nakala 300 za diwani zikatoka utao wote umedondoka chini. Sikuwa nimeomba prufu, yani nakala moja ya kukagua kwanza. Mshairi alikuwa mzee wa miaka 71, kitabu chake cha kwanza. Nilimpelekea mwenyewe nyumbani nikamwambia tunachapa upya, na tulichapa. Tangu siku hiyo bila prufu ya karatasi mkononi siruhusu mashine iwashwe.

Kurasa zigawanyike kwa nne. Kitabu kikiwa chini ya kurasa 48 hivi piga pini katikati, kikizidi hapo tumia gundi.

HATUA YA 6: Hesabu. Tuseme nakala 200, kuchapa 4,500 kila moja, inakuwa 900,000. Mhariri na mchoraji wa kava 400,000. Jumla 1,300,000, yani 6,500 kwa nakala. Unauza 12,000. Duka likichukua asilimia 35 unabaki na 7,800, toa mrabaha wa mwandishi asilimia 10 ya bei, 1,200, unabaki 6,600. Faida shilingi 100! Ukiuza mkono kwa mkono au kwa WhatsApp faida ni 4,300. Ndo maana nusu ya nakala lazima uziuze mwenyewe, kwenye matamasha, vyuoni, kwa kutuma na basi mikoani. Na hapo sijahesabu nakala za bure za wahakiki na za Maktaba ya Taifa.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu, ISBN ni lazima? Na inalinda hakimiliki?
Jibu: Hiyo ni namba ya utambulisho wa kitabu. Ukitaka maduka na maktaba wakipokee, itafute. Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kitabu cha karatasi na cha simu kila kimoja namba yake. Hailindi hakimiliki, hakimiliki inaanza pale kazi inapoandikwa, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia siku ukigombana na mtu.

Mdau wa Mombasa: Na sisi huku?
Jibu: Kenya kwa ISBN nenda kwa huduma ya maktaba ya taifa, KNLS.

Dada wa Morogoro: Kaka, kuna mchapishaji ameniomba milioni moja na nusu ili achapishe riwaya yangu, ni sawa?
Jibu: Dada yangu, hiyo unanunua huduma ya kuchapiwa. Kama ndo unachotaka sawa, lakini basi vitabu vyote viwe vyako na haki zote zibaki kwako. Mchapishaji hela inatoka kwake inaenda kwa mwandishi. Usisaini kwanza, nitumie mkataba inbox nikusomee.

Kijana wa Dodoma: Shikamoo mwalimu. Mkataba wako una nini?
Jibu: Marahaba. Kurasa mbili tu. Nachukua haki ya kuchapa kwa Kiswahili miaka mitano, tafsiri na sauti na filamu zinabaki kwa mwandishi. Nakala zikiisha nisipochapa tena ndani ya miezi sita, haki zinarudi kwake bila kuniomba.

Mdau wa Muscat: Mnapokea mashairi huru?
Jibu: Yale yasiyofuata vina na mizani? Tunapokea. Ila ukituma, piga picha pia ya ulivyoyaandika kwa mkono kama unayo, maana kwenye shairi huru nafasi uliyoiacha tupu nayo ni sehemu ya shairi na barua pepe huwa inaifuta.