Kumchora kanga: jaribu vifaa kwenye vipande kwanza

Ngozi ya mnyama ndiyo ichague kifaa. Mwanafunzi akianza na kifaa alichokizoea, simba, kobe na jogoo wote hutoka na ngozi moja: ile ya penseli. Dawa yake ni vipande vidogo vya majaribio, vingi, vinavyofanywa kabla ya kugusa karatasi kubwa.

Tumemchukua kanga, yule ndege wa madoa meupe, kwa sababu mwili wake mmoja umebeba mambo manne yasiyofanana: manyoya meusi ya madoa, kichwa kitupu chenye buluu na nyekundu, pembe ya mfupa utosini, na miguu ya magamba. Ukichagua mnyama mwingine, hakikisha naye ana angalau sehemu mbili ambazo mkono ungezitofautisha hata gizani. Mnyama wa rangi moja na manyoya mafupi mwili mzima hukupa kazi kidogo ya kujaribu.

Macho kabla ya mkono

Chora rasimu kumi za haraka, dakika moja au mbili kila moja, bila kufuta. Hizi ni za kujua umbo: mgongo wa kanga umeinuka kama kilima, mkia unaelekea chini, kichwa ni kidogo mno kuliko unavyodhani. Ukitumia picha, uwe nazo tatu: ya mwili mzima kwa ubavu, ya kichwa, na ya manyoya kwa karibu.

Kisha yatazame madoa peke yake. Hayakutupwa ovyo, yamejipanga kwa safu zinazofuata mzunguko wa mwili. Ubavuni ni makubwa, na kadiri yanavyopanda shingoni yanazidi kuwa madogo. Kwenye ukingo wa mwili, pale tumbo linapozunguka kwenda upande usioonekana, doa la duara huonekana kama yai na madoa husogeleana. Anayechora duara zilezile kila mahali hupata kitambaa cha madoa kilichokatwa kwa umbo la ndege.

Karatasi na vipande

Kwa chochote chenye maji tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ile ya kawaida ya kuchapia, gramu 80, hujikunja mara tu inapolowa, kwa kuwa nyuzi zake huvimba, na wino hukimbilia mabondeni. Kata vipande vya sentimita 9.5 kila upande: karatasi moja ya A3 itakupa 12. Ukikata 10 kamili utapata 8 tu, kwa sababu upande mfupi wa A3 ni sentimita 29.7. Milimita tatu zinakula vipande vinne!

Nyuma ya kila kipande andika kifaa, kipimo cha maji, na ulisubiri dakika ngapi. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida ukilowa unaweza kupenya hadi mbele. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, halafu wiki ya pili mtu anashika kipande kizuri sana asichoweza kukirudia.

Mshumaa na wino

Hii ndiyo njia inayomfaa kanga zaidi, kwa kuwa nta hufanya kazi ileile inayofanywa na doa: inabakiza weupe ndani ya weusi.

Chonga ncha ya mshumaa mweupe kwa kisu. Gandamiza na uzungushe kidogo kwa kila doa. Hutaona ulichoweka, kwa hiyo inua karatasi uitazame kwa mshazari dhidi ya mwanga, nta itang'aa. Changanya wino mweusi sehemu moja na maji sehemu mbili, upake kwa brashi laini pana, mara moja, bila kurudi nyuma. Acha ikauke kabisa. Sasa weka madoa mengine madogo ya nta juu ya rangi ya kijivu, kisha upake wino mzito usiochanganywa. Utapata madoa ya aina mbili, meupe na ya kijivu, na ghafla manyoya yana kina.

Kinachoharibika hapa ni mambo matatu. Doa likitoka na vitone vyeusi ndani, hukugandamiza vya kutosha: nta baridi hukaa kwenye vilima vya karatasi na kuacha mabonde wazi, hasa kwenye karatasi yenye mkwaruzo. Madoa yakifunikwa kabisa, wino ulipakwa tabaka nene. Fyonza kwa ncha ya kitambaa chenye unyevu kabla haujakauka. Na ukikosea mahali pa doa, hakuna kufuta. Kuyeyusha nta kwa pasi huacha alama ya mafuta inayokataa maji daima.

Gundi maalumu ya kuzuia rangi hutoa doa lenye ukingo mkali zaidi. Ipake kwa brashi kuukuu uliyoichovya kwanza kwenye sabuni, vinginevyo nywele zake hugandana na hutaitumia tena. Ibandue siku hiyohiyo, rangi ikishakauka. Ikikaa muda mrefu huondoka na ngozi ya karatasi. Kwa macho yetu madoa yake ni safi mno kwa kanga. Nta ina ukorofi fulani unaofanana na unyoya.

Makaa, kukwaruza, na chapa ya kadibodi

Makaa ya kuchorea hufaa kutafuta wingi wa mwili, mwanga na kivuli, si doa mojamoja. Paka kwa ubavu wa kipande, kisha nyofoa madoa kwa kona ya ufutio iliyokatwa kwa kisu. Usisugue kwa kidole kabla ya kunyofoa: unayasukuma makaa ndani ya nyuzi, na mafuta ya ngozi yanayashika, hivyo doa linabaki kijivu. Ukimaliza, puliza dawa ya kushika makaa kutoka umbali wa sentimita 30, mahali penye hewa, tabaka mbili nyepesi. Tabaka moja zito hufanya madimbwi.

Kukwaruza ni kinyume chake. Jaza kipande kwa krayoni nyeupe au ya kijivu, ukigandamiza hadi karatasi isionekane, kisha paka wino mweusi wenye tone moja la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, wino hujikusanya kama umande juu ya nta. Ukikauka, kwaruza kwa kijiti cha meno. Kwa kanga njia hii inatoa mistari mizuri ya manyoya ya bawa, ila madoa yake huwa ya kukwanguliwa sana. Mpe nungunungu au mbuzi. Hapo chanuo la zamani linachora nywele ishirini kwa mkupuo mmoja.

Chapa ya kadibodi inahitaji subira. Kata umbo la ndege kwenye kadibodi ya milimita 2, toboa matundu, paka vanishi mara mbili ili isinywe wino, kisha viringisha wino wa kuchapia tabaka jembamba, lalia karatasi na usugue kwa mgongo wa kijiko. Tundu hutoka jeupe. Mashine ya kutobolea karatasi hutoa tundu la milimita 6, linalofaa ubavuni tu. Shingoni tumia msumari, kisha kandamiza kingo zilizoinuka nyuma. Wino ukizidi, matundu huzibika. Na kumbuka ndege anayetazama kushoto kwenye kadibodi atatazama kulia kwenye karatasi.

Kichwa, pembe na miguu

Kichwa ni cha rangi ya maji. Buluu ya shavu na nyekundu ya nyama inayoning'inia zikikutana mbichi, unapata zambarau iliyochafuka. Paka buluu, subiri, kisha gusa kwa mgongo wa vidole: karatasi ikiwa baridi, bado ina maji hata kama haing'ai. Pembe ya utosini fanya kwa penseli za rangi juu ya mpako mwepesi wa kahawia. Miguu ichore kwa kijiti kilichochongwa na kuchovywa kwenye wino. Mstari unaokatika wino unapoisha ni gamba tayari.

Kuunganisha

Chagua vifaa vitatu, visizidi. Vinavyofuatana vizuri ni hivi: nta, kisha wino na rangi ya maji, na vikavu vya mwisho. Ukiweka krayoni au mafuta mapema mahali panapohitaji maji, maji yatakimbia.

Ukihamia karatasi kubwa, kuza na vifaa pia. Doa la milimita 3 kwenye kipande, kwenye A2 linaweza kudai milimita 8, na ncha ileile ya mshumaa haitoshi. Tumia kitako chake. Brashi vivyo hivyo, maana brashi ndogo kwenye eneo kubwa hukauka katikati ya safari na kuacha mistari isiyotakiwa.

Bana kingo zote nne kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi kabla ya kulowesha. Iache hadi kila kitu kikauke, kisha ivute polepole kwa mshazari, ukielekea nje ya mchoro.